Ziara ya "nyayo za Lewandowski" mjini Warsaw: nyota tatu, mbili nawadai

Tulipofika Leszno dereva hakuzima hata injini. Mwongozaji aligeuka kwenye kiti cha mbele, akanyoosha kidole dirishani, akasema hapa ndipo alipokulia Robert Lewandowski, mfungaji mabao maarufu wa Poland. Mimi bado nafuta ukungu wa kioo kwa kiganja, gari lile linaondoka. Nilichokiona ni uzio, mti usio na jani hata moja, na mbwa. Kwa zloti 290, hela ya Poland, nilitaka walau nimwone mbwa vizuri.

Mimi ni kocha wa vijana wa chini ya miaka 17 huku Tanga. Timu ya mchangani, mipira sita, jezi seti moja ambayo mama mmoja wa mtaani hutufulia. Novemba 2024 nilikwenda Warsaw kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko, naye ananijua nilivyo. Akaniambia, kaka, kuna watu wanatembeza wageni kwenye sehemu alizoanzia Lewandowski, siku nzima kwa basi dogo, nikulipie? Nikamjibu lipa kabla sijamaliza kunywa chai. Kampuni yenyewe siitaji. Ni ndogo, mwongozaji mmoja na dereva mmoja, sipendi kumharibia mtu riziki kwa siku moja mbaya. Ila ukitaka kwenda ziara ya namna hii, yapo ya kuuliza kabla hujatoa pesa.

La kwanza uliza saa ngapi mnafika Pruszków, mji wa klabu ya Znicz aliyoichezea. Si utani. Novemba kule jua linazama saa kumi jioni, na wenzetu hawa walianza safari saa nne asubuhi kwenye uwanja wa taifa, PGE Narodowy, wakakaa pale saa moja na nusu. Picha nje, picha ndani, picha na sanamu ya kadibodi. Uwanja ni mzuri, sikatai. Mwongozaji alieleza kwamba Lewandowski ndiye aliyefunga bao la kwanza la Euro 2012, hapo hapo, dhidi ya Ugiriki, tarehe 8 Juni. Kweli kabisa. Lakini tangazo lilisema "mwanzo wa safari yake", na Juni 2012 mtu huyo alikuwa ameshabeba ubingwa wa Ujerumani mara mbili. Huo si mwanzo. Ni sawa na kumwambia mgeni nitakuonyesha shamba, halafu unampeleka mezani kwenye ubwabwa.

Tulikuwa saba. Vijana wawili wa Kikorea waliopiga picha kila kitu pamoja na viatu vyangu, baba mmoja wa Ireland na mwanawe, mzee mmoja na mkewe kutoka Dortmund waliovaa skafu za njano, na mimi na makoti mawili. Huyo mzee wa Dortmund nitamrudia.

Kituo cha pili kilikuwa uwanja wa Legia, klabu kubwa ya Warsaw, mtaa wa Łazienkowska. Hapa nilikaa wima kwenye kiti, maana hapa ndipo penye kisa. Tulipewa dakika kumi. Mwongozaji akasema, "Alipita hapa akiwa kijana, akaenda timu nyingine." Basi. Kocha ukisikia sentensi hiyo unataka kulia.

Alipita hapa! Huyu ni kijana aliyezaliwa Agosti 1988, baba yake Krzysztof mwanajudo, mama yake Iwona mchezaji wa voliboli, wote walimu wa michezo. Baba alimpa jina Robert, inasemekana, ili siku akienda nje kucheza lisiwape watu tabu kulitamka. Mwaka 2005 baba akafariki, mtoto ana miaka 16. Mwaka huo huo alikuwa Delta Warszawa, daraja la nne, anacheza na watu wazima wenye mapaja kama magogo, yeye miguu fimbo. Kisha akaingia Legia, timu ya akiba. Akaumia. Mwaka 2006 mkataba ukaisha akiwa majeruhi wa paja, klabu haikuuongeza, na mwenyewe amesimulia kwamba habari alipewa na katibu wa ofisini. Si kocha wala mkurugenzi. Katibu.

Mimi ninaye kijana wangu, namba tisa, simtaji. Mwaka ule ule wa 2024 timu moja kubwa ya Dar ilimchukua kwenye kikosi cha vijana, akachanika msuli wa nyuma ya paja mwezi wa tatu, mwezi wa sita akaondolewa kwenye kundi la WhatsApp la timu. Hakuandikiwa neno. Aliona tu "umeondolewa". Alikuja kwangu na begi lake, akakaa kwenye tofali pale golini, nikakosa la kumwambia. Kwa hiyo mnielewe niliposhuka kwenye basi pale Łazienkowska nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: ofisi alikoambiwa ilikuwa upande gani? Mwongozaji akacheka kidogo, akasema hilo hajawahi kuulizwa, uwanja wenyewe umejengwa upya tangu wakati ule. Jibu la haki. Lakini kisa chenyewe wale Wakorea wangekisikia wapi? Nikawasimulia mimi, tukiwa tunarudi garini, na yule baba wa Ireland akanyamaza akamshika mwanawe begani.

Kisa hicho kina mkia, nao ndio unaowauma mashabiki wa Legia hadi leo. Mwaka 2008 kijana alipokuwa anafunga kila wiki, Legia walikuwa na nafasi ya kumrudisha, wakaona wanaye Mhispania Mikel Arruabarrena, anatosha. Arruabarrena hakukaa sana. Mwongozaji alilijua hilo, maana nilipolitaja alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kumbe ni shabiki wa Legia tangu utoto. Labda ndiyo maana alitaka tuondoke haraka.

Chakula cha mchana kimo kwenye bei, na hapa nawapa sifa zao. Mimi nguruwe sili, na Poland nguruwe yumo hata mahali usipomtegemea. Supu yao ya żurek nzuri kwa macho, lakini soseji imo. Mwongozaji aliniuliza mapema bila kusubiri niseme, akaniagizia pierogi za viazi na jibini, akamwuliza mpishi zimekaangwa kwa mafuta gani, akarudi kunihakikishia. Zile pierogi ni kama sambusa iliyochemshwa, ikaona haya, ikajikunja. Nilikula kumi na mbili. Nyota moja kati ya zile tatu ni ya hapo.

Nyota ya pili ni ya mzee wa Dortmund, ambaye kampuni haikumlipa hata senti. Alikaa jirani yangu mezani, akaanza kunihadithia msimu wa 2010/11, wa kwanza wa Lewandowski kwenye klabu yao, Borussia Dortmund ya Ujerumani. Alisema watu wanasahau. Straika wa timu alikuwa Lucas Barrios wa Paraguay, na huyu Mpolandi aliletwa kwa euro milioni nne na nusu hivi, akawa anacheza nyuma yake au anatokea benchi. Mabao manane tu ya ligi msimu mzima. Mzee akakiri kwamba na yeye alikuwemo kati ya waliopiga kelele jukwaani akikosa. Mkewe akatikisa kichwa: "Wewe ndiye uliyekuwa mbaya kuliko wote." Akacheka hadi akakohoa.

Akanipa na lile la dau la Klopp, kocha wa Dortmund wakati ule, ambalo Lewandowski mwenyewe amelieleza hadharani. Miezi ya mwanzo, kocha alimwambia mazoezini: ukifunga kumi leo nakupa euro 50, usipofunga unanipa wewe. Wiki za mwanzo kijana ndiye aliyekuwa akilipa. Matatu, manne, hafiki. Baada ya miezi mitatu mambo yakageuka, kocha akasema basi, inatosha, hawezi tena kumudu gharama. Nikaandika kwenye daftari. Euro 50 sina, ila soda ninaweza.

Na jambo jingine linalomfurahisha mzee huyo ni volkano. Aprili 2010 Lewandowski alikuwa na mpango wa kwenda Uingereza kuiona klabu ya Blackburn, majivu ya volkano ya Iceland yakafunga anga, safari ikafa, akaishia Dortmund. Mzee alinyanyua glasi yake kuiombea ile volkano afya njema.

Sasa Leszno nimeshakwambia. Niongeze tu kwamba kuna Leszno mbili, moja mji mkubwa kule magharibi, na hii, kijiji kilomita kama thelathini kutoka Warsaw, pembeni ya msitu wa Kampinos. Hapa alianza na Partyzant, timu ya kijijini, watoto wenzake wakimwita Bobek kwa udogo wake. Barabara ile kutoka Leszno hadi mjini, ambayo sisi tuliilalamikia kwa sababu kipasha joto cha gari kilikuwa kinapuliza miguu ya dereva peke yake, ndiyo wazazi wake walikuwa wakiendesha kumpeleka mazoezini kwenye klabu ya Varsovia na kumrudisha, miaka na miaka. Nilijaribu kuwaza mzazi mmoja wa Tanga anayemtoa mtoto Pongwe hadi Mkwakwani kila siku ya mazoezi kwa gari lake. Nikaishia kuwaza bei ya mafuta.

Halafu Pruszków. Saa kumi na moja. Giza.

Sikudanganyi, tulishuka tukaona taa ya barabarani, geti, na umbo jeusi la jukwaa. Wakorea wakawasha tochi za simu. Mwongozaji akajitahidi, maskini, akisimulia huku pua inamtoka maji. Na alisimulia vizuri kuliko mahali pote, hilo nimpe. Kwamba mama yake Lewandowski ndiye aliyewatafuta Znicz baada ya mambo ya Legia. Kwamba msimu wa 2006/07, daraja la tatu, kijana aliyetemwa akafunga mabao 15, akawa mfungaji bora, timu ikapanda. Msimu uliofuata, daraja la pili, 21, mfungaji bora tena. Misimu miwili, madaraja mawili, viatu viwili vya dhahabu. Hata wale wa Dortmund walikuwa hawajui.

Na hapo ndipo nilipojifunza neno. Ziara yetu ilikuwa Jumamosi tarehe 2 Novemba, siku moja baada ya sikukuu yao ya kuwakumbuka wafu, na njia nzima makaburi yalikuwa yanawaka mishumaa ndani ya vikombe vya vioo vyekundu na vya njano, maelfu, hadi mbingu juu ya makaburi ina rangi. Nilikuwa nimeiona inauzwa hata kwenye vituo vya mafuta. Nikauliza ile mishumaa inaitwaje. Mwongozaji akasema "znicz", kisha akaonyesha geti: kama klabu. Neno ni lile lile, la mshumaa wa kaburini na la moto wa Olimpiki. Kwa hiyo, nikamwambia, hii timu kwetu ingeitwa Mwenge. Nikamweleza habari za Mwenge wa Uhuru unavyokimbizwa nchi nzima, akaandika kwenye simu yake. Natumaini mgeni atakayefuata ataambiwa.

Nilirudi kwa mdogo wangu saa moja usiku nimeganda masikio, nikiwa na hasira za mtu aliyepelekwa sokoni usiku. Akasema, kaka, Pruszków si kuna treni? Kumbe lipo. SKM, laini ya S1, linakatiza katikati ya Warsaw hadi Pruszków, kama nusu saa, kwa tiketi ya kawaida ya siku ya kanda zote mbili. Jumanne tukaenda mchana.

Hakukuwa na mechi. Kulikuwa na mzee anayefagia majani kwa mashine, na watoto wa miaka kama kumi wakifanya mazoezi, bibi zao wamekaa na chupa za chai. Mdogo wangu akamwambia yule mzee kwa Kipolandi kwamba mimi ni kocha nimetoka Tanzania. Akazima mashine. Akavua glavu, akanipa mkono, akatufungulia. Bure.

Uwanja ni mdogo, rangi njano na nyekundu, Mkwakwani unaumeza. Klabu ni ya tangu 1923 na wakati ule, 2024, ilikuwa daraja la pili, ambalo wao huliita la kwanza kwa sababu la juu kabisa lina jina lake, Ekstraklasa. Nilisimama nyuma ya goli moja nikatazama. Inasimuliwa kwamba Franciszek Smuda, kocha wa klabu ya Lech Poznań, alitumwa kumwangalia straika huyu akarudi amekasirika, anadai arudishiwe hela ya mafuta. Baadaye Lech hao hao wakamnunua, kiangazi cha 2008, kwa takriban zloti milioni moja na nusu, na Smuda ndiye aliyempanga. Nikiwa pale nyuma ya goli nilifikiria mechi ngapi nimeshaondoka dakika ya sitini nikiamini nimeshamwona mchezaji.

Mtoto mmoja, namba tisa mgongoni, alipiga mashuti sita wakati tumesimama, yote kwa mguu wa kulia, na kocha wake akimpigia kelele neno moja. Nikamwuliza mdogo wangu anasemaje. "Kushoto," akasema. Kumbe makocha wote ni wamoja.

Kutoka hapo tukarudi mjini tukashuka kwenye metro ya Dworzec Gdański, tukatembea hadi Międzyparkowa, walipo Varsovia. Hiki ndicho kituo ambacho ziara ya zloti 290 ilikipita dirishani bila kusema lolote, na alichezea hapo tangu 1997 hadi 2004! Miaka saba, kuliko Legia, Delta, Znicz na Lech ukizijumlisha zote. Kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda hapo. Ni uwanja wa watoto katikati ya miti, hakuna lango la fahari wala duka la jezi. Kaa kwenye benchi utazame. Mimi nilikaa hadi mdogo wangu akasema hazisikii tena fimbo zake za miguu.

Poznań haimo kwenye ziara na siwalaumu, ni kilomita mia tatu. Ila tangazo liliahidi kwamba mtu ataonyeshwa kwenye gari video za mabao ya Lech: lile la kisigino dhidi ya Bełchatów, mechi yake ya kwanza kabisa ya Ekstraklasa, na lile la Khazar Lankaran wa Azerbaijan kwenye kombe la UEFA, alipotokea benchi akafunga bao pekee la mchezo. Skrini haikuwaka. Dereva aliipiga kofi mara mbili, ikabaki nyeusi. Tukasimuliwa kwa mdomo: mabao 14 ya ligi msimu wa kwanza na Kombe la Poland, 18 msimu wa pili na ubingwa, kisha Dortmund. Mdomo si mbaya, babu zetu walitufundisha kwa mdomo, lakini kisigino kinataka macho.

Basi, kwa mtu wa familia anayetaka picha uwanja wa taifa, ashibe pierogi na asihangaike na treni, ziara hii inamfaa, mwongozaji ni mtu mwema na anajua anachokisema pale anapopewa muda. Nyota ya tatu ni yake. Kwa kocha au kijana anayecheza, nunua tiketi ya siku, anza Varsovia asubuhi, maliza Pruszków kabla ya saa tisa, chukua glavu. Niliwaandikia wale wa kampuni mambo hayo hayo kwa heshima: wapindue ratiba, Pruszków iwe ya kwanza, Narodowy iwe ya mwisho, maana ule una taa. Walijibu siku ya pili, wakashukuru, wakasema watalifikiria kwa majira ya kiangazi. Kiangazi jua linazama saa tatu usiku, hapo hawatalihitaji wazo langu.

Kijana wangu nilimpigia simu Jumanne ile ile nikiwa Pruszków, nikamwambia nimesimama nyuma ya goli alilofungia Lewandowski baada ya kutemwa. Akauliza: "Kocha, alikaa nje muda gani?" Nikamwambia, kiangazi kimoja. Akanyamaza, kisha akasema yeye ana miezi mitano. Nikamwambia Jumatatu aje saa kumi na moja asubuhi, na aje na mtu wa kumdakia.